Nani zaidi? Wakati mwingine hakuna

Wadau, vyumba vya habari vinapenda orodha. Kumi bora, tano bora, nani zaidi. Msimamo wangu: nyingi ya orodha hizo zinatupotosha, na dawa yake wanahisabati wanayo siku nyingi.

Chukueni Olimpiki ya Beijing, 2008. Michezo ilipofungwa China ilikuwa na dhahabu 51, jumla ya medali 100. Marekani dhahabu 36, jumla 110. (Baadaye vipimo vya dawa vilibadilisha hesabu.) Ukipanga kwa dhahabu, China kwanza. Ukipanga kwa jumla, kama vyombo vingi vya Marekani vilivyofanya, Marekani kwanza. Nani mkweli?

Tuweke sheria: nchi iko juu ya nyingine pale tu inapoizidi kwa dhahabu NA kwa jumla. Hapo China na Marekani hazilinganishwi, basi. Huo ndio mpangilio nusu: baadhi ya vitu vinapangika, vingine vinagoma.

Sasa twende kwenye kufunika. Urusi ilikuwa na dhahabu 23, jumla 72. Uingereza 19, jumla 47. Marekani iko juu ya Uingereza, sawa, lakini Urusi imekaa katikati. Kwa hiyo Marekani haiifuniki Uingereza. Urusi ndiyo inayoifunika, maana hakuna nchi iliyojipenyeza kati yao. Na Urusi yenyewe inafunikwa na wawili kwa mpigo, China na Marekani. Kufunika ni kuwa juu moja kwa moja, bila mtu wa kati.

Chora mistari ya kufunika peke yake, aliye juu umweke juu, unapata mchoro uliopewa jina la Mjerumani Helmut Hasse. Kundi likiwa na idadi yenye kikomo, mistari hiyo inatosha. Mengine unayajua kwa kupanda ngazi. (Kwa namba za sehemu mambo hayaendi: kati ya mbili zozote ipo nyingine, hivyo hakuna inayofunika mwenzake.)

Mhariri atasema msomaji anataka mshindi. Lakini kijana anayechagua chuo kwa kuangalia orodha, chuo cha tano dhidi ya cha sita, anaamua maisha yake kwa pengo ambalo huenda halipo kabisa. Tumchoree mchoro, aone nani kweli yuko juu ya nani, na nani hawalinganishwi.

Mnasemaje wadau?