Samaki wa mezani asiishie mtoni

Vijana wenzangu, kifaranga cha sato kwenye chombo cha kioo mezani si anasa, ni mwalimu. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi siku nzima kwanza. Lisha kidogo, chakula kikibaki kinaoza, samaki anapanda juu kutafuta hewa. Bwawani ni hivyo hivyo, ila hasara yake ndo kubwa.

Lakini ukimchoka, usimmwage Mto Pangani wala kwenye lambo la Handeni. Korogwe tuna perege wetu, Oreochromis korogwe, aliyepewa jina hilo na wanasayansi mwaka 1955. Sato akizaliana naye, mbegu yetu ya asili inapotea, na hairudi. Mpe jirani. Akishakua, mle!