Kwa Nini Kariakoo Bado Wanafunga Dola Kiunoni

Nilikuwa Nairobi siku tano, semina ya waandishi, na nimerudi na risiti nne za ATM ambazo zimenikaa kooni mpaka leo.

Mambo yalikuwa hivi. Posho ilichelewa (nani asiyejua posho za semina?), kwa hiyo siku zote zile niliishi kwa kadi yangu ya benki ya hapa nyumbani. Kwa kuogopa vibaka nikawa natoa kidogo kidogo, shilingi 3,000 za Kenya, zikiisha natoa tena. Nilijiona mjanja kweli. Niliporudi Dar nikapita tawini pale mjini kuomba taarifa ya akaunti, ndipo nikaona mwenyewe. Kila nilipotoa 3,000, ambayo kwa bei ya siku zile ilikuwa kama shilingi 60,000 zetu, benki yangu ilikata 12,000. Mara nne. Yaani nimetoa 240,000 na nimelipa 48,000 ili niruhusiwe kugusa pesa yangu mwenyewe! Asilimia ishirini. Hapo sijahesabu alichokata mwenye mashine kule Nairobi, wala bei waliyotumia kugeuza shilingi kuwa shilingi.

Dada wa kaunta alikuwa mpole. "Kaka, hiyo ni tozo ya kutolea nje ya nchi, ipo kwenye orodha yetu." Nikamuuliza orodha iko wapi. Akanyoosha kidole. Kweli ilikuwepo, ukutani, nyuma ya ua la plastiki, kwa herufi za kusomea kwa miwani.

Sitaitaja benki, maana nina hakika siyo peke yake. Na kosa la kwanza ni langu. Tozo ya kudumu haiangalii umetoa kiasi gani. Ningetoa zote 240,000 kwa mkupuo mmoja ningelipa 12,000, asilimia tano. Hesabu ya darasa la tano hiyo, na mimi nina digrii.

Jumamosi nikaenda Kariakoo kumsalimia mama mmoja wa Mtaa wa Kongo, anauza viatu na nguo za watoto, nimemfahamu tangu nilipokuwa naandika habari za wafanyabiashara baada ya soko kuungua Julai 2021. Yeye huenda Guangzhou mara mbili kwa mwaka. Nikampa shikamoo, nikamsimulia yaliyonipata. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye boksi la viatu.

"Mwanangu, na usomi wote huo?"

Kisha akanieleza anavyofanya. Ananunua dola, noti za mia mia, mpya, maana noti ya zamani au ndogo ndogo kila unapokwenda inapewa bei ya chini, na nyingine zinakataliwa kabisa. Anazishonea kwenye mkanda wa kitambaa, anafunga kiunoni ndani ya nguo, na hafungui mpaka afike hotelini. Nikamwambia mama, kadi je, huogopi kuibiwa? Akanijibu hivi, na hili ndilo lililonifanya niandike leo: "Kuibiwa naogopa. Lakini ubao wa duka la kubadilisha fedha unaniambia bei kabla sijatoa hata shilingi. Kadi yako inakuambia bei ukisharudi nyumbani."

Nimeizungusha sentensi hiyo kichwani wiki nzima. Sisi waandishi tumezoea kuandika kwamba wafanyabiashara wa Kariakoo hawana elimu ya fedha, wanatembea na maburungutu kama enzi za babu. Uongo mtupu. Yule mama anajua fedha kuliko mimi. Anachokataa ni kununua kitu ambacho bei yake imefichwa, na angefanya hivyo hivyo kwa jora la kitambaa.

Lakini sikubaliani naye kwa kila kitu, na nilimwambia. Mkanda wa kiunoni siyo wa bure, ila gharama zake hazina risiti. Akienda China anabadilisha mara mbili: shilingi kuwa dola hapa, dola kuwa yuan kule, na kila kaunta inakula chake. Kwenda Dubai ni afadhali, maana dirham imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 tangu mwaka 1997, kwa hiyo ukifika Deira na dola unajua utapata nini, wakikulalia ni kidogo. Yuan haina kamba hiyo. Halafu kuna sheria. Ukitoka Tanzania na dola 10,000 au zaidi taslimu lazima utoe tamko forodhani, na China wanataka tamko ukiingia na zaidi ya dola 5,000. Kutangaza siyo kosa wala hakutozwi kodi, kosa ni kunyamaza. Nasikia wapo wanaogawana mkanda na abiria mwenzao ili wasifike kiwango. Jamani, hiyo ni kujitafutia kesi, na mwenzako akigeuza kona pale uwanja wa ndege utamlaumu nani?

Tena dola zenyewe siyo kwamba zipo siku zote. Tunakumbuka Novemba 2018 kule Arusha na mapema 2019 hapa Dar, maduka ya kubadilisha fedha yalipovamiwa na kufungwa, watu wakabaki wanazunguka benki na pasipoti mkononi. Ikaja 2023, dola zikaadimika nchini, ukienda benki kuomba dola elfu tano unaambiwa andika barua, subiri. Na tangu Machi 2025 kanuni mpya zinakataza kutoza au kulipia kwa fedha za kigeni bidhaa na huduma za hapa ndani. Wengine wameielewa vibaya wakadhani hata kununua dola za safari ni marufuku. Siyo kweli, dola za safari unanunua kama kawaida, kinachokatazwa ni kumlipa mwenye fremu yako ya Kariakoo kwa dola.

Sasa, ukiwa huna dola, kadi ya shilingi inakutoa. Unatua Guangzhou, unaingiza kadi ya Visa au Mastercard kwenye mashine, inatoka yuan, dola hujaziona wala hujazitafuta. Nimeulizia sana wiki hii, kwa wafanyabiashara, kwa jamaa wa benki, na hata kwa mshikaji aliyesoma Uingereza, na naona kuna njia za kupunguza maumivu.

La kwanza nimeshalisema, toa mara chache na toa nyingi, ujue tu kwamba mashine nyingi za China hazikupi zaidi ya yuan 2,500 au 3,000 kwa mara moja. La pili ni mtego ambao huyo mshikaji ulimnasa mwaka mzima bila kujua. Mashine za nje, hasa za viwanja vya ndege na mitaa ya watalii, zinakuuliza kwa heshima zote: ungependa tukukate kwa shilingi za Tanzania? Unaona jina la nchi yako, moyo unafurahi, unabonyeza ndiyo. Umeliwa. Hapo mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya kubadilisha, na hapangi kwa huruma. Kataa. Siku zote chagua fedha ya nchi uliyopo, uache mtandao wa kadi ubadilishe. Visa na Mastercard wote wanaonyesha bei zao za siku kwenye tovuti zao, unaweza kuangalia ukiwa bado Dar.

Kingine, kadi ya mkopo usitolee taslimu, riba kwa kawaida inaanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo. Na kama kadi yako ni ile ya Umoja Switch peke yake, iache nyumbani, ule ni mtandao wa hapa ndani.

Nairobi ndiko nilikojiona mjinga zaidi, kwa sababu dawa ilikuwa mfukoni. M-Pesa ya Tanzania na ya Kenya zimeunganishwa tangu 2015. Ningesajili laini ya Safaricom kwa pasipoti, nikajitumia mwenyewe kutoka namba yangu ya Vodacom, nikatoa kwa wakala yeyote au nikalipia chakula kwa simu kama Wakenya wanavyofanya. Makato yapo, lakini unayaona kabla hujathibitisha. Mimi nilikuwa nimeshika simu hiyo hiyo nikiwa kwenye foleni ya ATM.

China nako mambo yamebadilika. Kuanzia 2023 Alipay na WeChat Pay wamefungulia wageni, unaunganisha kadi yako ya Visa au Mastercard na unalipa kwa simu, bila makato kwa malipo yasiyozidi yuan 200, na asilimia 3 yakizidi. Kwa chakula, teksi na treni ya chini inatosha kabisa, taslimu huhitaji. Nilipomwambia mama wa Mtaa wa Kongo akanikata kauli: "Mwenye kiwanda je?" Na hapo ana haki. Kadi ya kigeni hairuhusu kumtumia mtu binafsi pesa, inalipa tu kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa, na wauzaji wengi wa jumla kule wanataka yuan iingie kwenye akaunti yao binafsi.

Ndiyo maana ipo njia ya nne, ambayo kila mtu Kariakoo anaijua na hakuna anayetaka niandike. Unampa mtu shilingi dukani kwake hapa, ndani ya saa chache ndugu yake kule anakupa yuan. Ni mzee mtindo huu. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar karne ya 19 waliendesha hundi kati ya Unguja na Bombay kwa namna hiyo hiyo, kwa kuaminiana. Ni wa haraka, na nimeambiwa bei yake mara nyingi inaishinda benki. Lakini kuendesha huduma hiyo bila leseni ni kinyume cha sheria, huna risiti, na siku yule mtu akizima simu huna pa kwenda kushtaki. Sikushauri. Nasema tu kwamba inastawi kwa sababu ile ile ya mkanda: unaambiwa bei kwanza.

Kuna jambo linaniudhi zaidi. Ukitafuta mtandaoni ushauri wa kutoa pesa nje kwa bei nafuu, utakutana na wazungu wanasifia kadi zao. Mmarekani mwenye akaunti ya Charles Schwab anarudishiwa ada za ATM dunia nzima! Nzuri sana, ila ni kwa wakazi wa Marekani. Yule anayetalii kwa raha zake ndiye anayetoa bure, na mama anayelisha watoto wanne kwa viatu vya Guangzhou analipa kila hatua.

Siombi benki zetu zitoe bure. Naomba bei ionekane kabla. Umoja wa Ulaya tangu Aprili 2020 unalazimisha mashine na maduka, inapobadilishwa kati ya sarafu za nchi zao, kuonyesha kwa asilimia wamezidisha kiasi gani juu ya bei ya Benki Kuu ya Ulaya, na wanaonyesha kabla hujabonyeza. Hapa kwetu Benki Kuu ina kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha tangu 2019, na zinataka tozo ziwekwe wazi. Je, karatasi nyuma ya ua la plastiki ndiyo uwazi wenyewe? Benki inayoweza kunitumia meseji ya heri ya siku ya kuzaliwa inashindwaje kunitumia meseji moja nikishavuka Namanga: ukitoa pesa hapa tutakukata kiasi hiki kila mara? Mbona wakala wa kibandani Kariakoo kabandika bango la makato kubwa kuliko kibanda chenyewe? Mwaka 2021 tulipiga kelele za tozo za miamala ya simu mpaka zikapunguzwa. Za kadi nje ya nchi zinatuuma kimya kimya kwa sababu kila mtu anadhani ni yeye peke yake aliyekosea.

Kabla sijaondoka mama akanipa kipande cha boksi, akaniambia andika hapo, nikaulize nini benki. Nikamwandikia: mnakata kiasi gani kila ninapotoa nje? Mnaongeza asilimia ngapi kwenye bei ya kubadilisha? Kiwango cha juu kwa siku ni kipi? Nikaongeza chini, mwambie unasafiri tarehe ngapi, wasije wakaifunga kadi uko kule wakidhani imeibiwa.

Akakisoma, akakikunja, akakitia kwenye mkoba wa dukani. Anaondoka mwisho wa mwezi, na kasema Jumatatu atapita tawini. Mkanda haachi, ila akijibiwa vizuri atapunguza noti nusu. Nimemwomba aniletee majibu na nitayaweka hapa hapa kama yalivyo. Na wewe mdau uliyewahi kutoa pesa Guangzhou, Istanbul, Dubai, Kampala au popote, angalia taarifa ya akaunti yako uniandikie ulikatwa shilingi ngapi, na kama uliambiwa kabla.