Mpe Nyepesi, Eti ni Mdogo!

Jumapili, saa nne usiku, bwenini

Najua nimepotea, msinilaumu, testi zilikuwa tatu ndani ya wiki moja na bumu lenyewe limechelewa. Nilipanga leo niandike kuhusu maandalizi ya BTP, lakini nimeahirisha. Leo nimekasirika, na mnanijua nikikasirika.

Wengi mnamfahamu dada yangu, yule mfupi anayekuja Jumamosi na chapati mnazozimaliza kabla sijafika. Ni mlinzi kwenye kampuni moja ya ulinzi hapa mjini, jina nalihifadhi. Urefu wake ni sentimita 152, uzito kilo 48 akiwa ameshiba. Miaka miwili amelinda geti kwa kirungu. Mwezi huu amechaguliwa kwenda lindo la silaha. Lindo hilo lina posho, na posho hiyo tulishaipigia hesabu nyumbani: ndiyo ada ya mdogo wetu wa mwisho anayesoma ushonaji.

Basi Ijumaa wakapelekwa shabaha. Mkufunzi akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Wewe kadogo, chukua hii nyepesi." Akampa shotigani kuukuu ya geji 12, ya mtutu mmoja, ile ya kukunja katikati. Wanaume wakapewa zile nzito za kukoki kwa kuvuta. Risasi zilikuwa zilezile kwa wote. Ya kwanza ikampiga bega, akarudi hatua mbili. Ya pili akafumba macho kabla hata hajafyatua. Ya tatu mpaka ya tano hazikugusa ubao. Watu wakacheka. Akaambiwa arudie baada ya wiki mbili, akishindwa anarudi getini na kirungu chake. Jana amekuja bega lina rangi ya zambarau, chapati kasukuma kwa mkono mmoja.

Nikaenda kusimulia kijiweni, pale kwa mama wa chai, nikitegemea huruma. Wapi! Wote wakamtetea mkufunzi. "Mtu mdogo, bunduki nyepesi, sasa ulitaka apewe mzinga?" Na waliosema kwa sauti kubwa zaidi ni washkaji wawili tunaosoma nao Fizikia na Hisabati. Walimu watarajiwa! Haya, kwa kuwa kijiweni mlinizidi kelele, leo tukutane ubaoni.

Risasi ya kawaida ya geji 12 inabeba marisau ya gramu 28, yanatoka kwa kasi ya kama mita 400 kwa sekunde. Yakienda mbele, bunduki inarudi nyuma. Newton huyo, kanuni ya tatu, hata kidato cha tatu wanaijua. Zidisha 0.028 kwa 400, unapata 11.2. Sasa gawanya kwa uzito wa bunduki (najua ni tungamo, msinianze). Bunduki ya kilo 3.5 inarudi kwa mita 3.2 kwa sekunde. Ya kilo 2.5 inarudi kwa karibu mita 4.5. Tafuta nishati inayoingia begani: ile nzito karibu jouli 18, ile nyepesi jouli 25. Umepunguza kilo moja, umeongeza teke kwa asilimia 40! Na hapo nimeacha gesi ya baruti na kizibo cha risasi, ukiviweka teke linaongezeka.

Kwa hiyo yule mkufunzi alichagua mtu mdogo kuliko wote pale, akampa bunduki yenye teke kubwa kuliko zote pale, halafu akaita huruma. Na nyinyi mkapiga makofi.

Sasa tuje kwenye fani yetu. Si tumesoma saikolojia ya elimu? Mnamkumbuka Pavlov na mbwa wake? Kengele inalia, chakula kinakuja, mwisho mbwa anatoa mate kwa kengele tu. Dada yangu kajifunza hivyohivyo kwa risasi mbili: kidole kikigusa kifyatulio, maumivu yanakuja. Ndiyo maana macho yalifumba yenyewe na mkono ukavuta kwa kushtuka. Huo si uoga wa kike. Ni somo, na alifundishwa na mwalimu. Sisi tunaambiwa kila siku kwamba somo la kwanza linatakiwa limpe mwanafunzi ushindi mdogo ili apate hamu ya somo la pili. Mtu anayeanza kushika bunduki ni mwanafunzi kama mwingine.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyelitaja kijiweni hata mmoja. KIPIMO. Kutoka kwenye kifyatulio mpaka mwisho wa kitako, bunduki nyingi zina kama sentimita 36. Hicho ni kipimo cha mwanaume wa wastani. Mtu wa sentimita 152 mara nyingi anahitaji kama 33. Kitako kikizidi, hakikai kwenye shimo la bega, kinakaa pembeni kwenye mkono, shavu halifiki mahali pake, jicho halioni mstari wa mtutu, na mwili unaegemea nyuma ili kufidia. Teke likija linamkuta ameshaanza kuanguka. Sasa nauliza, katika watu wote wa siku ile, nani alipima mkono wa dada yangu? Sare walimpima kwa futi ya fundi, bunduki wakampimia kwa macho.

Kwa hiyo mtu mdogo anayeanza apewe nini? Kwanza risasi nyepesi, SIO bunduki nyepesi. Weka gramu 24 kwenye ile ya kilo 3.5, teke linashuka mpaka jouli 13 hivi. Hata Olimpiki leo, wanaume kwa wanawake, hutumia gramu 24. Au mpe geji 20 ya kilo 2.8 yenye risasi ya gramu 21, nayo inakuja kwenye 13. Hapo ndipo wepesi unaruhusiwa, pale risasi nayo inapokuwa ndogo. Na msije na ile ya .410 mnayoiita ya watoto. Teke lake dogo kweli, lakini inabeba marisau machache, kwa hiyo kukosa ni rahisi zaidi. Ile ni ya fundi aliyebobea, anayeanza itamkatisha tamaa.

Najua mtabisha: "Mlinzi anasimama saa kumi na mbili, nzito itamchosha." Hiyo hoja ina uzito wake, naikubali. Hata mwindaji anayetembea kutwa na kufyatua mara moja, nyepesi inamfaa. Na nzito inayoelemea mbele inamvuta mtu mdogo mikono, hiyo nayo haifai, uzito unatakiwa ukae katikati ya mikono miwili. Lakini kuchoka kuna dawa, unaitwa mkanda wa begani. Kufumba macho wakati wa kufyatua, mbele ya benki iliyojaa watu, dawa yake ni nini?

Na wale mnaosema wanawake hawawezi, someni kidogo. Barcelona mwaka 1992, mashindano ya skiti yalichanganya wanaume na wanawake. Dhahabu alichukua mwanamke wa China, Zhang Shan. Mwaka 1996 wanawake hawakuwa na skiti kabisa kwenye Olimpiki, wakaja kupewa yao mwaka 2000. Na Annie Oakley wa Marekani, aliyefariki 1926 akiwa na sifa dunia nzima, alikuwa na futi 5 tu. Futi 5 ni sentimita 152. Sawasawa na dada.

Jana tulikaa naye kitandani kwangu, futi ya cherehani mkononi, tukapima mkono wake. Nimemwandikia karatasi moja ya kumpelekea msimamizi wake, kwa heshima, mambo manne: apewe ile nzito, risasi za gramu 24 za kujifunzia, kitako kipunguzwe na fundi wa silaha mwenye kibali na kiwekwe mpira mwisho (kitako jamani, sio mtutu), na vizuia sauti vya masikioni, kwa sababu mshtuko mwingine unatokana na kelele. Tulipokuwa JKT kuruta wa kike tulilenga shabaha vizuri tu, kwa sababu afande aliinama, akarekebisha bega la kila mmoja kabla ya kusema fyatua.

Dada hataki kuipeleka. Anaogopa ataambiwa anajifanya msomi. Nimemwambia basi aseme kaandika mdogo wake, mwalimu. Ameikunja, ameiweka kwenye mfuko wa sare. Sijui kama itatoka humo.

Wale wawili wa Fizikia, hesabu nimeziacha wazi. Mwenye kubisha aje na kalamu, sio na sauti.

Bega litapona. Mengine Ijumaa ya wiki ijayo, Mungu akipenda. Alamsiki.