Kijani Si Shati

Juzi baada ya sala ya alasiri tulikuwa barazani Wete, vijana wanne na wazee wawili, buli la kahawa liko katikati, na mie kama kawaida yangu nikaropoka. Nikasema: "Nchi hii inataka chama cha kijani." Wee! Mzee mmoja akanitazama kama niliyekula yamini ya uongo. "Kwani hakipo?" akauliza. "Kinatawala toka 1977!" Baraza zima likaangua kicheko, na muuza kahawa akakataa kunijazia kikombe mpaka niseme nimetumwa na nani.

Ndugu msomaji, hapo ndipo tulipofika. Pemba neno hili "kijani" lishaporwa. Kijani ni shati, ni kofia, ni khanga ya kampeni. Wengine nao wana rangi zao, na tangu 2019 wengi wetu tumehamia zambarau ya ACT-Wazalendo. Mtoto wa miaka sita hapa kwetu anaijua rangi ya chama kabla hajajua jina la mti ulio nyuma ya nyumba yao. Wala rangi hizo si mzaha. Uchaguzi wa 1995 CUF ilichukua viti vyote 21 vya Pemba, na urais wa Zanzibar ukaamuliwa kwa kura chache mno upande wa pili. Baada ya hapo watu walifika kugawana maduka, gari za abiria, hata misiba. Kukawa na duka la hawa na duka la wale. Mtu akifa, jirani anauliza kwanza marehemu alikuwa upande gani, ndipo aamue kama atakwenda kuchimba kaburi. Na hiki ni kisiwa kisichofika hata kilomita za mraba 1,000!

Nataka neno letu lirudi. Mabaharia wa Kiarabu walikiita kisiwa hiki Al-Jazira Al-Khadhra, kisiwa cha kijani, na hapakuwa na kadi ya chama mfukoni mwa mtu. Nenda Misali, kile kisiwa kidogo magharibi ya Chake. Wavuvi watakuhadithia habari za Hadhara, mtu wa Mungu aliyetokea pale akaomba msala wa kusalia, akaambiwa hakuna, akasema basi kisiwa hiki chenyewe ndio msala wangu. Wapo wanaosema huyo ni Nabii Khidhri, na Khidhri kwa Kiarabu maana yake ni huyo huyo, wa kijani. Kwa hiyo anayeniambia kijani ni neno la Wazungu namwomba aanzie Misali kabla hajaniletea habari za Ulaya.

Ila kweli, chama cha kijani kwa maana ya chama kilianzia kwa Wazungu. Mwaka 1972 vilitokea New Zealand na Tasmania, na Januari 1980 Wajerumani wakaanzisha chao pale Karlsruhe. Wengi tunadhani watu hawa wanalilia nyangumi tu. Mie nilidhani hivyo hivyo, mpaka nilipozisoma sera zao nikaona sehemu kubwa inahusu mambo mengine kabisa: nani anamtunza mzee asiye na mtoto, nyumba ya kupanga ya mtu wa chini, kazi ya mama isiyolipwa, na hasa nani anakaa kwenye kikao cha kuamua. Hoja yao ni kwamba huwezi kutenganisha hali ya msitu na hali ya mtu anayeokota kuni ndani yake. Ukimwacha yule akiwa hana chakula, msitu umekwisha. Ukiufunga msitu bila kumuuliza, yeye ndiye aliyekwisha.

Aprili 2001 vyama hivi vilikutana Canberra, Australia, vikaandika mkataba wa misingi sita: hekima ya mazingira, haki ya kijamii, demokrasia ya ushiriki, kutotumia nguvu, uendelevu, na kuheshimu tofauti. Nikaitazama ile tarehe. Aprili 2001! Januari ya mwaka ule ule, tarehe 26 na 27, risasi zilikuwa zinalia hapa Wete, Micheweni na Chake. Human Rights Watch baadaye walihesabu waliokufa Zanzibar kuwa si chini ya 35, na watu zaidi ya 2,000 wakapanda vyombo usiku kukimbilia Shimoni, Kenya. Miezi mitatu baadaye, upande wa pili wa bahari hiyo hiyo, watu wameketi wanaandika "kutotumia nguvu" kuwa ni sera ya chama. Kwao huo ulikuwa msingi wa nne kati ya sita. Kwetu ungekuwa wa kwanza, na mitano iliyobaki ingesubiri.

"Hayo mambo ya walioshiba," rafiki yangu mmoja, mshairi hodari, hunambia kila siku. "Sisi tule kwanza."

Haya, tule. Lakini tunakula nini? Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka kisiwani kwetu, mikononi mwa wanawake. Shangazi yangu ameulima tangu mie niko skuli ya msingi. Zamani alipanda kotonii, ile yenye bei. Maji ya pwani yakapata joto, kotonii ikaanza kuoza kwenye kamba, ikabaki spinosamu ambayo bei yake ni ya kulilia. Kotonii sasa inataka maji ya kina kirefu yaliyo baridi kidogo, na shangazi hajui kuogelea wala hana chombo. Basi anafunga ile ya bei ndogo, anaianika, anaijaza gunia, na siku ya kuuza mnunuzi anatia mkono katikati ya gunia, anasema bado bichi, anakata kilo. Mwaka mmoja nilisimama naye kwenye mizani. Nilimuuliza yule bwana bei hii nani kaipanga. Akanijibu, "Imekuja." Imekuja! Kama mvua.

Sasa nambie wewe mshairi, hilo ni suala la mazingira au suala la mkate? Ni joto la bahari, ni bei, ni mwanamke asiyekuwamo katika kikao, ni mgongo wake. Mwenye nazo maji ya chumvi yakiingia kisimani kwake ananunua tangi. Mwenye jaruba la mpunga bondeni, bahari ikipanda ikamchomea mpunga kwa chumvi, ananunua nini? Aliyeshiba ndiye anayeweza kuyapuuza mazingira. Sisi hatuna uwezo huo.

Na si kwamba hatujawahi kuonja sera ya namna hiyo. Aprili 2016 Serikali ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyefika miaka 70 pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa. Pesa ndogo, najua. Lakini tazama jinsi inavyotolewa: haiulizi kama uliajiriwa, haiulizi kama una mtoto Maskati anayekuletea, na wala haiulizi shati lako rangi gani. Umri tu. Mzee wa zambarau na mzee wa kijani wanapanga foleni moja. Katika kisiwa kilichowahi kugawana misiba, foleni ile ina thamani kubwa kuliko pesa zenyewe, na mie naiona ni ya kijani kuliko mashati yote ya kampeni. Nna ugomvi na ile 70 tu. Shangazi yangu ana miaka 58, mgongo wake ushapita 80. Aliyesimama ndani ya maji miaka 30 angehesabiwa kwa hesabu nyengine.

Hapa lazima niwaseme na wa kijani wenyewe, maana nikiwasifu tu nitakuwa kada. Kipo kijani kinachokuja na gari kubwa na semina yenye posho. Kati ya 2010 na 2014 Zanzibar ilikuwa na mradi wa HIMA, fedha kutoka Norwei, Unguja na Pemba. Shehia ziliandikishana mikataba ya kuhifadhi misitu, wakajigawia maeneo ya kukata na maeneo ya kuacha, na wakaambiwa kwamba hewa ya ukaa iliyomo mitini itauzwa nje na pesa zitarudi kijijini. Mradi ulimalizika, hewa haijauzwa. Kilichobaki vijijini ni makatazo. Aliyekuwa akikata kuni karibu sasa anatembea mbali au ananunua, na mara nyingi ni mwanamke. Mie naamini walioupanga walikuwa na nia njema, lakini nia njema haichemshi maharage. Kijani kisicho na haki ni askari wa kuni tu.

Linganisha na Kidike. Popo wetu mkubwa, ambaye duniani kote hapatikani ila Pemba, mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kwisha kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Miaka ya 1990 vijiji vikaanzisha vilabu vya kumlinda. Kidike wakaamua wenyewe, wakaweka kiingilio kidogo kwa wageni. Popo wakarudi kwa maelfu. Hakuna aliyewaambia habari za kaboni. Waliwaona popo kwa macho yao, na sanduku la pesa wakalishika wao. Na Misali vilevile: mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1990 wavuvi walizungumzwa nao kwa Qur'ani, habari za mizani na ukhalifa wa binadamu juu ya ardhi, wakaelewa upesi kuliko walivyowahi kuelewa kanuni za idara. Sasa tangu mwishoni mwa 2021 visiwa vidogo vya Zanzibar vinakodishwa kwa wawekezaji. Nani aliulizwa? Mvuvi aendaye dago alikuwa na kiti katika kikao kile?

Nitaambiwa vyama hivi havishindi. Kweli kabisa. Wangari Maathai alipanda miti tangu 1977, akasimama mbele ya marungu Karura, lakini Bungeni mwaka 2002 aliingia katika wimbi la NARC, na chama chake cha Mazingira kikabaki kidogo. Rwanda walianzisha chama cha kijani 2009, makamu wa rais wake akauawa Julai 2010, usajili wakaupata 2013, wakapata viti viwili bungeni 2018. Hakuna utamu hapo.

Lakini sheria ya vyama ya 1992 ina kifungu kimoja ambacho barazani kwetu hakuna aliyekijua. Chama hakipati usajili wa kudumu Tanzania mpaka kiwe na wanachama 200 katika kila mkoa, mikoa isiyopungua kumi, na mmojawapo lazima uwe wa Pemba. Yaani kila chama kilichoomba usajili huo kwa kifungu hicho, kiwe na makao Dodoma au Dar es Salaam, kimewahi kuja kwetu kutafuta majina 200. Wakayapata, wakapanda boti, wakaondoka. Na sisi tukatoa majina bure! Hatukumuuliza hata mmoja: bei ya mwani nani anaipanga?

Na nyie wenzangu mnaoleta mashairi hapa gazetini, nawaomba kitu. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikabaki kubeba karafuu ya visiwa vyote, na tangu hapo kila mshairi anaandika harufu. Harufu, harufu, harufu. Andikeni mchumaji analipwa ngapi kwa pishi. Andikeni mizani.

Mie nishaanza. Nimenunua daftari la skuli, nakusanya majina 200, bila kadi, bila rangi. Kila anayeandikwa anataja kitu kimoja anachotaka kuulizwa kabla hakijaamuliwa. Mpaka leo nna majina 11. Muuza kahawa amekataa kuandikwa, ila amenijazia kikombe. Shangazi aliniangalia nikiandika, akasema: "Niandike, mwanangu. Lakini usiniandike mwanachama. Niandike mkulima wa mwani. Na pale pa kutaka, andika mizani nishike mie."

Nikaandika hivyo hivyo.