Pole ya Dukani

Ndugu mwandishi chipukizi, hebu tuulizane bila kuoneana haya: shairi la kumtia mtu moyo linatoka wapi? Linatoka kwenye jeraha, au linatoka dukani?

Nauliza kwa sababu mbele ya jina la Helen Steiner Rice, yule mama wa Kimarekani aliyetunga mashairi ya kadi za salamu, vijana tunaoandika tuna tabia mbili. Wengine wanacheka. Eti vina vya sukari, eti machozi ya bei poa. Wengine wanamezea mate soko lake: watu wanataka faraja, bwana, na faraja inauzika! Mimi nasema pande zote mbili zimekosea, na mnisikilize kwanza kabla hamjaokota mawe.

Anzeni na maisha yake. Alizaliwa mwaka 1900 mjini Lorain, jimbo la Ohio. Baba yake, mfanyakazi wa reli, alifariki mwaka 1918 kwa ile homa ya mafua iliyofagia dunia nzima. Binti ndiyo kwanza amemaliza sekondari. Ndoto ya chuo ikaota mbawa, akaingia kazini kwenye kampuni ya umeme. Januari 1929 akaolewa na Franklin Rice, mtu wa benki mwenye mali yake. Oktoba mwaka huo huo soko la hisa la New York likaporomoka, mali ikayeyuka. Mke akaenda kutafuta riziki kwenye kampuni ya kadi ya Gibson, mjini Cincinnati. Mwaka 1932 mume akajiua. Mtoto hawakujaliwa.

Haya, mnaocheka, chekeni sasa! Mwanamke aliyepita humo, kisha akarudi mezani kuwaandikia wengine maneno ya kuwainua, huyo si mtu wa sukari hata kidogo.

Lakini wewe unayemezea mate soko lake, usipige makofi bado. Mwaka 1960 shairi lake moja lilisomwa kwenye kipindi cha televisheni cha Lawrence Welk. Jina likaenea Marekani nzima, vitabu vikauzwa kwa mamilioni. Kwenye kadi zile utakuta Mungu, maua, subira na mwanga baada ya giza. Je, utakuta nyumba ya mwaka 1932? Utakuta mke anayebaki na kitanda kipana na madeni? Hukuti ng'o!

Na sababu si kwamba alikuwa na moyo mkavu. Sababu ni biashara. Kadi moja ile ile lazima imfae mjane, mwanafunzi, na shangazi aliyelazwa hospitali. Tia jina la marehemu ndani yake, watu elfu wataiacha rafuni. Kwa hiyo kila kitu chenye mwenyewe kinatolewa: jina, mtaa, tarehe, ugonjwa. Kinachobaki ni kama suti ya kukodi: inawaingia mabwana harusi wote, haimkai sawasawa hata mmoja.

Mtaniambia: mbona watu walifarijika kweli? Sikatai. Barua za wasomaji zilimfikia kwa wingi, naye alikuwa akizijibu. Lakini mjane aliyenunua kadi ile alihitaji nini zaidi: kusikia kwamba baada ya mvua kuna jua, au kujua kwamba anayemwambia hivyo naye aliwahi kuamka asubuhi moja akiwa mjane? Pole ya mama huyu ilikuwa na gharama kubwa. Kadi ikaificha gharama, ikauza pole peke yake.

Sasa tazameni kwetu. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, naye alikuwa bingwa wa nasaha. Lakini alipofiwa na mkewe alitunga shairi akaliita kwa jina la marehemu: "Amina". Jina la mtu mmoja, ambaye si mke wako wala wangu. Mbona basi linawagusa watu ambao hawakumjua? Kwa sababu msiba wa mtu mmoja ukisemwa barabara, kila mfiwa anapata pa kuketi. Msiba wa watu wote hauna hata mkeka.

Leo beti za "usikate tamaa, jua litachomoza" zinarushwa kwenye simu kila asubuhi. Jua la nani, jamani? Litachomoza saa ngapi kwa kijana aliyefungiwa mlango na mwenye nyumba kwa kodi ya miezi mitatu?

Andika faraja, ndugu yangu, hakuna anayekuzuia. Vina tia. Machozi tia. Ila kabla hujamwambia mwenzako avumilie, mwambie wewe ulivumilia nini, wapi, na nani alikuwepo. Ukiona huna la kumwambia, basi nyamaza, au kaombe kazi kwa wauza kadi. Angalau wao wanalipa.