Schoenberg Hakuwafukuza Wasikilizaji

Kudai kwamba Schoenberg aliua muziki wa klasiki alipoanza, mwaka 1908, kutunga bila ufunguo maalumu ni kumtwika marehemu mzigo usio wake. Muziki kama huo haukuwafukuza watu: filamu ya Kubrick ya 1968, 2001: A Space Odyssey, ilivuta umati mkubwa ikiwa na muziki wa Ligeti, usio na hata wimbo wa kuimbika. Mwenye kudai hivyo atasema picha ndiyo iliyowabeba watazamaji. Sawa, basi kasoro haimo kwenye sauti, imo kwenye namna tunavyosikilizishwa. Na vipi kuhusu Simfoni ya Tatu ya Górecki, ya 1976, iliyorekodiwa upya na kutolewa 1992, ikauza nakala zaidi ya milioni moja? Ni nyepesi mno, atajibu. Kumbe muziki wa kisasa una wepesi pia! Muziki huo unaodaiwa kufa unazikwaje ukiwa bado unauza?