Tunataka bei moja, hatutaki ukuta

Wapendwa vijana wa Kisangani, ndugu na dada wa Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo, Kisangani na Lubunga,

Jioni, courant ikirudi kidogo, kila mutu anafungua simu. Siku hizi kuna tangazo moja linapita katika vikundi vya WhatsApp: Zanzibar, siku tano, ndege, chumba, chakula asubuhi, saa sita na usiku, vinywaji, piscine. Chini wameandika kwa herufi kubwa: TOUT COMPRIS. Unalipa mara moja, kila kitu iko ndani. Picha munazijua: bahari, kiti cheupe, nazi yenye murija.

Kati yetu hakuna anayeweza kulipa ile pesa. Tuko na diplomi, lakini wamoja wanauza crédit ya simu, wengine wanaendesha pikipiki ya mutu mwingine, wengine bado wanangojea jibu la barua waliyoandika miaka miwili imepita. Hata hivyo, tulizungumuza juu ya lile tangazo usiku muzima. Mumoja alisema: "Ni mambo ya matajiri, tuache." Sisi tunakataa kuacha. Namna watu wanavyouza safari inaonyesha namna wanavyogawanya pesa, maji na ardhi. Na hayo ni mambo yetu.

Tuanze na ukweli: tout compris ni tamu. Tusiwacheke wanaoipenda. Mama aliyefanya kazi miaka makumi mbili, watoto wakachanga pesa ili apumuzike wiki moja, hataki kuhesabu kila chupa ya maji. Anataka mutu amwambie bei mara moja, alipe, alale. Sisi Wakongomani tunapaswa kuelewa hiyo kuliko wote. Hapa kwetu kila safari ni kinyume: bei ya tiketi ni mwanzo tu. Kuna karatasi ya hapa, muhuri wa pale, "sucré" ya mwenye kusimama kwenye barrière, na "kahawa" ya mwenye kukaa kwenye meza. Ukifika ulikokwenda, umelipa mara mbili na hauna reçu hata moja. Mutu aliyezoea hiyo maisha, ukimwambia "bei moja, hakuna ingine", atakufuata.

Kwa hiyo kinachouzwa pale si bahari tu. Kinauzwa kitu ambacho serikali yetu imeshindwa kutupatia: uhakika wa bei.

Mambo haya yalianza mwaka 1950. Mubelgiji mumoja, Gérard Blitz, alifungua kambi ya mahema huko Alcúdia, katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Akaiita Club Méditerranée. Vita kubwa ya Ulaya ilikuwa imeisha miaka tano tu, watu walikuwa wamechoka. Walilipa mara moja, wakala pamoja kwenye meza ndefu, wakacheza michezo. Baadaye, hata kwenye bar hawakutoa pesa: walilipa kwa shanga walizovaa shingoni. Wazo lilikuwa zuri: kwa wiki moja, usahau pesa. Lakini sisi wa huku kwenye muto tunajua historia ya shanga. Mutu akikuletea shanga na kukuambia usahau pesa, uliza pesa yenyewe iko wapi.

Basi tuulize juu ya Zanzibar. Mwaka 2024 ilipokea wageni zaidi ya 700 000. Pale pwani kuna hoteli nyingi, na nyingine zinauza hiyo hiyo bei moja. Tuseme haki: vijana wa kule wamepata kazi, kama wapishi, madereva, walinzi na wapokeaji wa wageni. Serikali inakusanya kodi. Tangu tarehe 1 mwezi wa 10 mwaka 2024, wageni wa kutoka inje wanalipa dola 44 ya bima wakiingia. Kwa kijana wa Kisangani anayelala bila kazi, hiyo si kitu kidogo.

Sasa tuangalie upande wa pili. Mugeni aliyekwisha kulipa chakula chake chote hana sababu ya kutoka inje kula. Mama anayekaanga samaki barabarani, mita 200 kutoka kwenye mulango wa hoteli, hapati hata franga moja. Kijana mwenye taxi anamwona mugeni siku mbili tu: siku ya kufika na siku ya kurudi, na mara nyingi hapo pia ni gari ya hoteli. Sehemu kubwa ya pesa inalipwa mbali kabisa, katika muji ambako mugeni alinunua safari yake. Kijiji kinabaki na mushahara wa wale walioajiriwa, na takataka.

Kinabaki pia na kiu. Mwaka 2012, shirika la Uingereza linaloitwa Tourism Concern lilitoa uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Nyumba moja ya mwanakijiji ilitumia karibu lita 93 za maji kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ndogo ya wageni: lita 686. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano: lita 3 195. Musome tena hizo namba, polepole. Chumba kimoja kilikunywa maji ya nyumba zaidi ya 30. Bustani, piscine, mashuka ya kufua kila siku, yote yako "ndani ya bei". Mwenye kisima inje ya ukuta ndiye aliyelipa, na hakuna aliyemuuliza.

Mugeni naye anapoteza kitu. Analipa vinywaji ambavyo hakunywa. Anakula buffet inayofanana na ya Uhispania na ya Jamaïque. Anarudi nyumbani akisema "nilifika Zanzibar", na kumbe alifika ndani ya ukuta.

Kwa Muboyoma, hiyo ni hasara kubwa zaidi, kwa sababu Zanzibar haiko mbali na sisi namna tunavyofikiri. Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 aliwekwa kuwa gavana wa Stanley Falls, yaani hapa hapa kwetu, alizaliwa Zanzibar na akafia Zanzibar mwaka 1905. Kiswahili tunachosema leo kilipanda huku na misafara ya watu kama yeye. Kilikuja pamoja na maumivu: pembe za tembo na watu waliofungwa minyororo walitoka huku kwenda pwani. Mali ilitoka, uchungu ukabaki. Leo Mukongomani anaweza kushuka pale akasalimia watu kwa luga yao, akauliza bei sokoni, akasikia wanavyocheka matamshi yake, na yeye acheke yao. Mugeni wa Ulaya hawezi hiyo. Halafu sisi tulipe ili tufungiwe mbali na watu tunaoweza kuongea nao?

Wazazi wetu walijua safari ya namna ingine. Wanatuelezea mashua ya ONATRA, kutoka Kinshasa hadi Kisangani, kilometa zaidi ya 1 700 za muto. Matajiri walikuwa na cabine zao na fasi yao ya kulia. Ilikuwa hoteli inayotembea. Lakini haikuwa na ukuta. Kwenye kila kijiji pirogue zilikuja kujifunga kando ya mashua: samaki mubichi, samaki wa kukausha, ndizi, kwanga, mukungu wa mboga. Zilirudi na chumvi, sabuni, nguo, dawa. Mwenye cabine alipumuzika, na mama wa kijiji aliuza. Mambo yote mawili yaliwezekana katika safari moja. Matabaka yalikuwapo, hatudanganyi. Lakini muvuvi hakufukuzwa ili tajiri aone muto vizuri.

Ju ya nini tunaandika hii leo? Kwa sababu zamu yetu inaweza kuja. Kiwanja cha ndege cha Bangboka kimetengenezwa upya. Kila mukubwa anayepita hapa anasema Tshopo iko na utajiri wa utalii, na ni kweli: maporomoko saba ya Boyoma kati ya Ubundu na muji wetu, mitego ya Wagenia juu ya miti yao, musitu wa Yangambi, hifadhi ya Lomami yenye bonobo. Siku moja mutu atafika na picha nzuri za hoteli kando ya muto, na watu watapiga makofi. Sisi pia tunataka kupiga makofi. Lakini tunataka kusoma karatasi kwanza.

Tuko na sababu. Tangu mwanzo wa mwaka 2023, kule Lubunga, ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola umeua watu na kufukuza maelfu kutoka kwenye nyumba zao. Watoto walisomea kwenye kambi. Hakuna kijana wa Kisangani anayeweza kusema kwamba hajui ardhi iliyotolewa bila kuelezana inazaa nini. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka 2011, juu ya ulinzi wa mazingira, inasema miradi ya namna hiyo ichunguzwe na wananchi waulizwe kabla ya kuanza. Hatuombi zawadi. Tunaomba sheria ifuatwe.

Na tusiwanyooshee kidole wakubwa peke yao. Sisi pia tuko na kosa. Tulipeleka wageni kwenye fasi moja nzuri ya kutembelea ya jimbo letu. Bei ya kwanza ilisemwa mulangoni, ya pili kwenye pirogue, ya tatu kwa kupiga picha, ya nne kwa mutu aliyetokea tu na kusema yeye ndiye mwenye fasi. Wageni walilipa yote, wakanyamaza, wakaondoka. Hawatarudi, na watasimulia. Mugeni wa namna hiyo, mwaka ujao atanunua tout compris. Sisi wenyewe tutakuwa tumemjengea ule ukuta.

Kwa hiyo hiki ndicho tunachosema: uzuri wa tout compris ni bei moja, ubaya wake ni ukuta. Tunaweza kuchukua kile na kuacha hiki. Tunaomba mambo haya:

1. Kwenye kila fasi ya kutembelea ya Tshopo, bei iandikwe kwenye ubao, kwa Kiswahili, Lingala na Kifaransa. Mugeni alipe mara moja, apewe tiketi. Kila mwezi, ubao uleule uonyeshe pesa iliyoingia na namna ilivyogawanywa kati ya wavuvi, komini na jimbo.

2. Malipo yote ya uwanja wa ndege, bandari na barrière yaandikwe waziwazi. Kisichoandikwa kisilipwe.

3. Mukataba wowote wa hoteli kando ya muto ama katika musitu usomwe mbele ya wakaaji kabla ya kutiwa saini. Njia ya wavuvi na ya wamama wanaoteka maji isifungwe. Wamama wa muji huu wanabeba bidon kichwani kando ya muto mukubwa kuliko yote ya Congo. Asije mutu kuwafanya watembee zaidi ili piscine ijae.

4. Hoteli inunue hapa: samaki wa hapa, ndizi ya lituma ya hapa, muchele wa hapa. Na vijana wa hapa wafundishwe kazi za juu, si kufagia na kulinda mulango peke yake.

Na sisi vijana tunajipa kazi yetu. Wale kati yetu wanaosindikiza wageni watasema bei yao mwanzoni, watatoa karatasi, na hawataongeza njiani. Tutaanza sisi, bila kungojea ubao.

Tunajua mutasema: vita iko Mashariki, ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanateseka, na nyinyi munazungumuza holidé? Ndiyo. Muji huu ulipigwa na mabomu ya majeshi ya wageni siku sita, mwezi wa 6 mwaka 2000, na hata siku hizo wavuvi walibaki kuwa wavuvi na muto uliendelea kupita. Amani ikikamilika, wa kwanza kufika watakuwa wenye pesa na karatasi tayari mukononi. Wasitukute tunalala. Mikataba mibaya inatiwa saini wakati watu wanaangalia fasi ingine.

Siku moja tutaenda Zanzibar. Tutalala kwenye nyumba ndogo ya mutu wa pale, tutakula barabarani, tutabishana bei kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Na yeye, siku moja, aje hapa Boyoma Singa Mwambe. Ataambiwa bei moja, atapewa tiketi, atakula samaki wa mama wa Wagenia. Na mama atakuwa amelipwa.

Kisangani.
Sisi vijana wa Tshopo